Koma Iliyonifanya Mwizi

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimepewa kalamu.

Kinyanjui, aliyekuwa akiandika kitabu cha matukio, yaani OB, pale getini, amehamishiwa kiwanda kingine. Supavaiza Ndirangu akatutazama sisi walinzi tuliobaki mmoja mmoja kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Apondi, wewe ulifika kidato cha pili, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. "Basi OB ni yako. Kwa Kiingereza. Na usiandike kama daktari." Akaenda zake. Huyo mzee huongea kama anayelipishwa kwa neno.

Nilipotoka kazini nilipitia dukani nikanunua madaftari mawili ya kurasa mia. Moja ni la binti yangu Akeyo, maana lake la hisabati limejaa. Hili la pili ni langu. Kama kiwanda cha mabeseni kinastahili kuandikiwa kila kinachotokea, hata mimi nastahili. OB ya kampuni itakuwa kwa Kiingereza, hii yangu itakuwa kwa Kiswahili, na humu nitatia yale yasiyomhusu meneja.

Mume wangu Jackton ameuliza ninaandika nini. Nimemwambia ninaandika ripoti yake. Akarudi kupiga msasa kitanda cha mteja kwa adabu sana.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Gambuti la kushoto linavuja.

Alhamisi, 20 Machi

Nimesoma kurasa za zamani za Kinyanjui ili nijue OB huandikwa vipi. Kuna neno analolipenda, na sasa nami nimelipenda: Having. "Having checked the gate, I found everything in order." Yaani alipokwisha kukagua geti, alikuta kila kitu kiko sawa. Ukiianza sentensi na Having, ni kama sentensi imevaa suti. Haikimbilii kusema. Kwanza inavuta kiti, inakaa, ndipo inaongea.

Leo nimeliandika mara sita.

Jumatano, 26 Machi

Mbwa wa godauni la jirani amebweka kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita. Nimeiweka kwenye OB, kwa Having. Imependeza. Kuna lori pia lililoleta chengechenge za plastiki, nalo nikaliandika hivyo hivyo. Ndirangu hupita jioni na kutia sahihi chini ya ukurasa. Leo alikuwa na haraka ya kukwepa mvua, akatia sahihi akiwa amesimama.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Njia ya kwetu Mukuru imekuwa uji. Nimetembea kwa kuruka jiwe hadi jiwe nikafika kazini saa kumi na mbili na dakika hamsini. Sijachelewa.

Jumanne, 1 Aprili

Niandike hata kabla ya kuoga.

Saa saba mchana mvua ilishuka kama iliyomwagwa. Nduta, rafiki yangu anayeuza chai na mandazi ng'ambo ya barabara, alifunika birika lake kwa nailoni akakimbilia chini ya paa la karakana. Barabara nzima ikabaki tupu. Mimi nilikuwa kibandani. Nikaona seng'enge ya upande wa mto ikitikisika ilhali upepo haukuwepo. Nikatoka. Mwanamume mwenye koti la kijani alikuwa anapenya katika tundu alilolikata, na begani ana bunda la waya wa shaba, ule waliouacha mafundi wa umeme.

Nilipuliza filimbi, ikatoa maji. Nikamfuata. Nilikimbia miaka arobaini na mitatu yote kwa wakati mmoja, na hayo magambuti, nikipiga kelele za mwizi, wala hakuna aliyenisikia kwa ngurumo ya mabati. Pale kwenye ukingo wa mto nilimshika koti. Akageuka akanisukuma kwa kiwiko, nikaanguka chali kwenye tope. Nilipoinuka alikuwa ameshavuka.

Nilirudi, nikapiga simu ofisini, nikajifuta mikono, nikaandika. Hii haikuwa siku ya kuandika kienyeji. Nilifikiri robo saa nzima kabla ya kuanza: "Having cut the fence and stolen the copper wire, I chased the man up to the river." Nikaisoma. Nikaona imesimama imara.

Nduta amenipa chai ya bure na mandazi mawili. Amesema, "Mama Akeyo, wewe ni mwanaume!" Nimemwambia mimi ni mwanamke aliyekimbia.

Jumatano, 2 Aprili

Meneja wa kiwanda, Bwana Aweys, alishusha kioo cha gari getini akaniambia, "Pole na asante, mama." Siku nzima nimesimama wima.

Ijumaa, 4 Aprili

Mtu wa bima amekuja asubuhi na mapema, ana mkoba na jozi mbili za miwani, moja machoni na moja mfukoni. Alichukua OB akaisoma palepale getini. Akatabasamu. Akasoma tena, tabasamu likaondoka. Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu, akaondoka na kitabu kwenda ofisini.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeitwa ofisini na Bi. Mukami, anayesimamia wafanyakazi. Ndirangu alikuwa pale, amesimama kando ya mlango. OB ilikuwa mezani, imefunguliwa ukurasa wangu, na chini ya sentensi yangu kuna mstari mwekundu wa kalamu. Kalamu nyekundu anayo mtu mmoja tu katika kazi yetu. Naye alikuwa anatazama sakafu.

Bi. Mukami alisema kwa upole, na upole ndio ulionitisha. "Apondi, hapa umeandika kwamba wewe ndiye uliyekata seng'enge na kuiba waya, kisha ukamkimbiza mtu."

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha. Hakuna aliyecheka nami.

"Mimi nimeandika mwizi ndiye aliyeiba!"

"Soma."

Nikasoma kwa sauti. Kwangu ilisema kile kile nilichokiona. Bi. Mukami akaeleza kwamba mtu wa bima amesema lililoandikwa limeandikwa: ama mlinzi amekiri, ama kitabu hakina maana, na kwa vyovyote kampuni haiwezi kukaa na mlinzi kama huyo. Hakuna aliyeona mwizi isipokuwa mimi. Kikao kitakuwa tarehe ishirini na tisa, Bwana Aweys akirudi safari. Mpaka siku hiyo nitasimama getini lakini nisiguse OB. Ndirangu ndiye atakayeandika.

Nilitoka nikiwa kama mtu aliyepigwa kofi na picha yake mwenyewe.

Jumanne, 8 Aprili

Sikumsalimia Ndirangu.

Jumatano, 9 Aprili

Wala leo. Nduta ananiambia nisimwekee kinyongo kabla ya kumsikia. Nimemwambia mtu akishapiga mstari mwekundu na kupeleka ofisini ameshasema.

Alhamisi, 10 Aprili

Amesema.

Wakati wa chakula alikuja kibandani na chupa yake ya chai, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa bila kukaribishwa. "Mama Akeyo, unadhani ni mimi niliyekuchoma."

Nikaendelea kula.

"Ule mstari niliupiga jioni ile ile ya tarehe moja, wewe ukiwa umeshatoka. Nilitaka nikuite asubuhi urekebishe, tutie sahihi wote wawili, yaishe. Kesho yake nikaamka na homa. Niliporudi Ijumaa, huyu wa bima alikuwa ameshaondoka na kitabu." Akafungua chupa, akaifunga bila kumimina. "Kabla ya kazi hii nilikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, hapa hapa Industrial Area, kabla hakijafungwa. Miaka kumi na minne nikiyakamata makosa ya watu kabla hayajachapishwa. Wewe uliandika hizo Having wiki mbili mfululizo, nami natia sahihi nikiwa nimesimama kwa sababu ya mvua. Kosa hili ni lako nusu na langu nusu."

Miaka miwili nimekuwa nikidhani yule mzee ananidharau. Kumbe ni mtu asiyejua aanzie wapi.

Nikamwambia, "Basi nionyeshe nusu yangu."

Alitoa karatasi, akaandika sentensi yangu yote. "Nani amekata seng'enge?"

"Mwizi."

"Katika sentensi hii mwizi yuko wapi?"

Nikaonyesha neno man, huko mwishoni.

"Baada ya koma nani anatokea kwanza?"

Nikatazama. Kulikuwa na herufi moja tu, imesimama kama nguzo: I. Mimi.

"Huyo ndiye mwenye Having," akasema. "Kwa Kiswahili hungeweza kukosea hivi hata ukitaka. Ukisema 'alipokwisha kukata', ile 'a' ni yeye. Ukisema 'nilipokwisha kukata', ile 'ni' ni wewe. Kitenzi chetu hutembea na mwenyewe mgongoni. Lakini Having haina mtu. Inakuja mikono mitupu mpaka kwenye koma, ikivuka inamshika wa kwanza inayemkuta. Ukisimama hapo, inakushika wewe."

Nikakaa na hiyo karatasi mapajani mpaka lori la kwanza la alasiri lilipopiga honi. Nilikasirika, kisha nikaanza kucheka, kisha nikaogopa tena. Koma moja! Mwizi amevuka mto na mimi nimekamatwa kwenye koma.

Tumekubaliana: kila siku saa saba, nusu saa.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani kuna tangazo ubaoni, kwa Kiingereza, la katibu wa kwaya: "Having been washed and ironed, the choir is requested to collect the robes on Saturday." Nilisimama pale nikavuka koma polepole, nikamkuta mtu wa upande wa pili. Kwaya! Kwaya imefuliwa na kupigwa pasi, siyo majoho!

Nilicheka hadi mama mmoja akanishika bega akidhani nimeguswa na roho. Jackton huimba sauti ya chini katika kwaya hiyo. Njiani kurudi nilimwuliza kama maji yalikuwa ya moto. Nilipomweleza alicheka akashikilia ukuta wa watu. Kisha akasimama ghafla. "Phelister, umeielewa. Wewe mwenyewe. Hukuambiwa."

Ni kweli. Sikuambiwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Somo: "Having been" ni pale mtu alipotendewa jambo, siyo alipolitenda. Nilisukumwa, kwa hiyo ni "Having been pushed, I fell." Hapo "I" anakaa kwa haki, maana ndimi niliyesukumwa na ndimi niliyeanguka. Nimeiandika mara kumi. Ni sentensi ya kwanza ya Kiingereza iliyosema ukweli wangu bila kunizunguka.

Jumatano, 16 Aprili

Siku ya ajabu. Ndirangu ameniletea fotokopi za kurasa zangu zote za OB, tangu 17 Machi. "Tafuta mwenyewe Having zako," akasema, "na kwa kila moja uniambie imemshika nani."

Nikaanza. "Having signed in, I received the keys." Nilitia sahihi, nikapokea funguo. Sawa. "Having brought plastic from Mombasa Road, I opened the gate for the lorry." Hapo mimi ndiye niliyebeba plastiki kutoka Mombasa Road, kisha nikalifungulia lori geti. Ndirangu akakohoa.

Halafu nikaona nimeruka mstari wa nne wa ukurasa ule ule, wa tarehe 26. "Having barked the whole morning, I reported the dog to the neighbours."

Nikavuka koma kwa kidole. Nikarudi, nikavuka tena.

"Soma imemshika nani," akasema Ndirangu, na midomo yake ilikuwa inapigana na kitu.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyebweka asubuhi nzima. Kisha nikamshtaki mbwa."

Tulicheka mpaka Nduta akavuka barabara na mwiko mkononi kuja kuona kuna nini. Ndirangu alijaribu kumweleza akashindwa, akawa anapiga goti tu. Huyo mzee akicheka hucheka bila sauti, machozi yanashuka. Nduta alipoelewa aliniangalia kwa makini akasema, "Ndiyo maana sauti yako ilikuwa imekauka siku ile."

Baada ya hapo Ndirangu akajipangusa, akawa mtu wa kazi. Akagonga ule ukurasa kwa kidole. "Hii uitunze. Hii usiipoteze kabisa."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kuku, chapati, majirani watatu, Jackton ameimba akiwa amefuliwa vizuri.

Jumanne, 22 Aprili

Somo la leo lilikuwa la zamu. Having husema jambo la kwanza lilikwisha kabisa ndipo la pili likaanza. Nilikuwa nimeandika katika zoezi, "Having run after him, I shouted." Ndirangu akauliza, "Ulikimbia, ukamaliza kukimbia, ukasimama, ndipo ukapiga kelele?" Hapana, nilikimbia nikipiga kelele. "Basi usitumie Having. Mambo mawili yakienda pamoja, hayana wa kwanza."

Akatolea mfano mandazi: ukisema "Having eaten, I paid," ulikula ukamaliza, ndipo ukalipa. Nduta, ambaye siku hizi huleta chai yeye mwenyewe ili asikose kitu, akapaza sauti, "Hapana! Kwangu ni having paid kwanza! Mwalimu, usiniharibie wateja!"

Kidato cha pili niliondoka shuleni nikiamini Kiingereza ni mlango uliofungwa kwa ndani. Leo nimekaa kwenye ndoo, mvua inapiga mabati, ninaona bawaba zake.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeamka na hofu. Kama wakinifukuza, Jackton peke yake na vitanda vyake hatafika mbali, na mvua hii hakuna anayenunua kitanda. Zaidi ya hapo, jina. Akeyo ameniuliza mbona siku hizi nasoma kuliko yeye. Sikumwambia kwamba kuna karatasi inayosema mama yake ni mwizi, kwa mwandiko wa mama yake.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Nimepiga pasi yunifomu mara mbili. Ndirangu amesema kesho nisikariri chochote. "Waeleze kama ulivyomweleza Nduta."

Jumanne, 29 Aprili

Ni jioni, chai ipo mezani, na nitaandika yote kabla sijasahau hata tone.

Kikao kilikuwa saa nne. Bi. Mukami katikati, Bwana Aweys kulia kwake, mtu wa bima kushoto na miwani yake miwili. Ndirangu mlangoni. OB mezani. Mvua nje, lakini ya heshima.

Bi. Mukami alisoma sentensi yangu kwa sauti. "Apondi, unasemaje?"

Nilisimama. "Madam, hiyo sentensi inasema mimi ndiye niliyeiba. Ni kweli, ndivyo inavyosema."

Mtu wa bima alichukua kalamu. Bwana Aweys aliinua kichwa.

"Having haina mtu ndani yake," nikaendelea. "Inamngoja wa kwanza baada ya koma. Nilipaswa nimweke mwizi hapo, nikajiweka mimi. Sikujua. Nilidhani kwa kuwa mimi ninajua nani aliiba, basi na sentensi inajua."

"Hayo ni maelezo ya leo," akasema mtu wa bima. "Mtu anaweza kukiri leo na kujifunza sarufi kesho. Sisi tutajuaje kwamba hili lilikuwa kosa la lugha na siyo ukweli uliomponyoka?"

Hapo moyo wangu ukatulia, sijui kwa nini. Labda kwa sababu lilikuwa swali zuri.

"Naomba mfungue tarehe ishirini na sita Machi," nikasema. "Mstari wa nne."

Bi. Mukami akafungua. Akatafuta kwa kidole, akaanza kusoma kwa sauti ile ile ya kikao, "Having barked the whole morning, I reported the dog to..."

Akasimama.

"Kama mimi ndiye niliyeiba waya tarehe moja," nikasema, "basi mimi ndiye niliyebweka asubuhi nzima tarehe ishirini na sita. Mwandiko ni wangu, kosa ni lile lile. Na kwenye mstari wa saba nimebeba plastiki tani nne kutoka Mombasa Road. Siku sita kabla ya wizi. Sikujua kutakuwa na wizi, kwa hiyo sikuweza kujitengenezea kosa mapema."

Kisha Bwana Aweys akatoa sauti kama birika linaloanza kuchemka. Akafunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakaanza kuruka. Bi. Mukami alijaribu kuendelea kusoma, akafika kwenye neno dog, akashindwa, akaomba maji. Hata mtu wa bima alivua miwani ya machoni, akaifuta, akavaa ile ya mfukoni, akasoma mwenyewe mstari wa nne, akasema taratibu, "Lo. Ulibweka kweli."

Nikacheka nami. Sikujizuia.

Lakini Bi. Mukami ni mtu wa kazi. Alipomaliza maji alinisogezea karatasi nyeupe na kalamu. "Andika upya tukio la tarehe moja. Hapa, mbele yetu. Bila msaada." Akamtazama Ndirangu, naye Ndirangu akageuka akatazama dirisha.

Niliandika. Sikukimbilia. Niliandika, "The man, having cut the fence and stolen the copper wire, ran towards the river." Safari hii nilimweka mwizi mbele kabisa, asiwe na pa kujificha. Kisha nikaandika kwamba nilimfuata nikipiga kelele, "I ran after him, shouting," bila Having, kwa kuwa hayo mawili yalikwenda pamoja. Kisha ile yangu: "Having been pushed, I fell into the mud." Nikaongeza koti la kijani, filimbi iliyojaa maji, saa na dakika. Ukurasa mmoja na nusu. Nilipoweka kalamu chini niligundua mvua imekoma na sikuwa nimeisikia ikikoma.

Bi. Mukami akasoma, akampa Bwana Aweys, akampa mtu wa bima. Huyu alisoma akifuata kila mstari kwa ncha ya kalamu, akaweka alama ndogo kwenye kila koma. Mwishoni akasema neno moja tu kwa Bi. Mukami: "Safi." Wakaniambia majibu yatakuja kwa barua.

Nje, kwenye ngazi, Ndirangu alinipita bila kusema kitu. Aliposhuka ngazi tatu aligeuka. "Ile ya mwizi, umeitenga kwa koma mbili. Sikukufundisha hiyo."

"Nimeiona kwenye gazeti lililofungiwa mandazi."

Akatikisa kichwa akaenda zake. Nimeona jinsi alivyotembea. Alikuwa anarusha miguu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Tumelala mpaka saa mbili. Mvua.

Jumatatu, 5 Mei

Barua imekuja! Nilipewa getini, bahasha ya kaki. Nikaifungua nimesimama, Nduta akinipumulia shingoni. Ilianza: "Having reviewed the matter, the management finds no fault with Ms. Phelister Apondi."

Naapa, kabla ya kufurahi nilivuka koma. Nani aliyepitia jambo hili? The management. Nani yuko baada ya koma? The management. Imekaa! Bi. Mukami ameiandika vizuri! "Iko sawa!" nikapiga kelele. "Sentensi iko sawa!"

"Kazi je?" Nduta akanitikisa. "Mama Akeyo, kazi!"

"Kazi pia!"

Akanirukia, mandazi yakaungua, hakuna aliyejali. Jioni nilimweleza Akeyo yote tangu mwanzo. Alisikiliza hadi mwisho, akaenda, akarudi na zoezi lake la Kiingereza. "Mathe, hebu angalia hii." Mara ya kwanza katika maisha yake.

Jumatano, 7 Mei

Nimerudishiwa OB. Kalamu pia.

Jumanne, 13 Mei

Bi. Mukami ameomba niwaonyeshe walinzi wa mageti mengine namna ya kuandika ripoti. Niliogopa, nikakubali. Tumekutana kumi na mmoja katika kibanda cha watu wawili, Kinyanjui akiwa mmojawapo. Nimeanza na mbwa. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuamshwa. Kinyanjui amekiri kwamba Januari aliandika sentensi inayosema alifukiwa na mchanga kisha akaenda kunywa chai.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua nyepesi.

Jumatatu, 26 Mei

Jua. Nimeanika magambuti juu ya ukuta. Mto umeshuka na njia yetu inapitika kwa viatu. Ndirangu amekuwa akitazama simu yake tangu asubuhi kama anayengoja kupigiwa na serikali. Nimemwuliza, amesema ni mambo ya nyumbani. Sasa namjua, sikumsukuma.

Ijumaa, 30 Mei

Ndirangu alifika leo amevaa koti la kanisani juu ya yunifomu. Alivuka geti, akarudi, akavuka tena. Hatimaye akasimama mbele yangu.

"Mama Akeyo, jana asubuhi nimezaliwa Nyahururu. Kilo tatu na nusu."

Ilinichukua muda. Kisha nikakumbuka kwamba kwao mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. "Mzee! Mwanao amepata mtoto?"

"Amenipata mimi," akasema. "Ndirangu mzima. Ana masikio yangu, wananiambia."

Alikuwa ameandika barua ya likizo, ya kwanza tangu aajiriwe, na alitaka niipeleke kwa Bi. Mukami kwa kuwa yeye alikuwa anaona haya. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Niliikunjua. "Having worked for nine years without leave, it is my humble request to be given seven days."

Nikaisoma. Nikavuka koma. Nikasoma tena, maana niliogopa macho yangu.

"Mzee," nikasema, "nani amefanya kazi miaka tisa?"

"Mimi."

"Baada ya koma nani anatokea kwanza?"

Alinipokonya karatasi. Akaitazama kwa muda mrefu sana. Hapo hapakuwa na yeye. Palikuwa na "it" tu, kitu kisicho na jina wala mgongo, kimefanya kazi miaka tisa badala yake.

"Miaka kumi na minne ya prufu," akasema polepole. "Mungu wangu." Kisha akatoa ile kalamu nyekundu mfukoni, akanikabidhi.

Nilikata yale maneno ya baada ya koma, nikaandika juu yake, "I humbly request seven days." Sasa aliyefanya kazi ndiye anayeomba. Akainakili upya kwenye karatasi safi, nikaipeleka, na Bi. Mukami akaidhinisha kabla sijakaa. Akasema aende leo hii.

Aliporudi kuaga nilikuwa nimeshaandika katika OB, nikamgeuzia kitabu atie sahihi kama kawaida. Leo hakusimama. Alikaa kwenye ndoo, akavaa miwani, akasoma: "Having been born in Nyahururu yesterday, Mr. Ndirangu left the gate at 2.15 p.m. to go and see himself."

Alikwenda na kidole mpaka kwenye koma, akavuka, akajikuta amesimama upande wa pili, mahali pake hasa. Akatafuta kosa. Nilimwona akilitafuta, kwa haki kabisa, kuanzia mwanzo hadi nukta. Halikuwepo. Akatia sahihi, akaandika saa, akatoka getini na koti lake, akicheka kile kicheko chake kisicho na sauti, akimpungia mkono kila mtu mpaka mbwa wa jirani.

Nduta alisimama na birika mkononi akimtazama anavyokwenda. "Mama Akeyo, mzee ana nini leo?"

"Amezaliwa," nikamwambia.